Wakulima wa Mwani si Wavivu

Hapa Wingwi mzee mwenzangu kanambia mwani unaharibika kwa uvivu wa wanawake. Nakataa. Kilimo hiki kilianza Unguja mwaka 1989, na tangu hapo maji ya pwani yamezidi joto. Mwani wa kotoni hupauka, ukalainika, ukakatika; manyasi mengine ya bahari huuparamia na kuunyima mwanga. Kila bamvua wanawake huyachambua kwa mikono. Sasa wanaambiwa: hamishieni kamba kwenye kina kirefu. Kwa chombo gani? Nani kawafunza kuogelea? Nami nilisomesha walimu miaka mingi. Sikumtahini mwanafunzi kwa somo asilofundishwa. Wapeni madau na mafunzo kwanza, ndipo muwahukumu.