Golden Globe: Tazama kamba, usitazame ukubwa wa tanga

Mbio za Golden Globe zinarudi Septemba 2026. Mabaharia wataondoka tena Les Sables-d'Olonne, Ufaransa, kila mmoja peke yake, kuzunguka dunia bila kusimama bandari yoyote, kwa boti za futi 32 hadi 36 zilizobuniwa kabla ya 1988. Kutafuta njia kwa GPS ni marufuku. Wadau wengi wanabishana boti ipi ina kasi. Mimi nauliza kingine: nani ataweza kupunguza tanga kuu saa nane usiku, mawimbi yanapanda juu, na bado akabaki ndani ya boti?

Kumbuka yaliyotokea safari iliyopita. Septemba 2022 zilianza boti 16. Waliomaliza daraja kuu, lile la bila kusimama, walikuwa watatu tu: Kirsten Neuschäfer wa Afrika Kusini, Abhilash Tomy wa India na Michael Guggenberger wa Austria. Neuschäfer alifika Aprili 27, 2023, akawa mwanamke wa kwanza kushinda mbio za kuzunguka dunia za mtu mmoja mmoja, na njiani alikuwa ameshamwokoa mwenzake Tapio Lehtinen ambaye boti yake ilizama. Watatu kati ya 16. Kwa hesabu hiyo, anayebeba kombe ni yule ambaye vyombo vyake havikuvunjika.

Na vyombo huvunjwa na tanga kubwa kuliko upepo uliopo. Upepo ukitoka kilomita 20 kwa saa kwenda 40, nguvu yake juu ya tanga haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Ukifika 60 ni mara tisa. Ndiyo maana nahodha hukunja sehemu ya chini ya tanga: mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Kazi yenyewe ukiisikia ni nyepesi. Unalegeza henza, tanga linashuka kidogo. Unafunga tundu la mbele karibu na mlingoti. Unavuta kamba ya tundu la nyuma mpaka likae juu ya boriti, ile inayolala chini ya tanga. Unakaza henza tena, basi. Tatizo ni kwamba kwenye boti nyingi za zamani lazima utoke kwenye usukani utambae hadi mlingotini. Nyingine za enzi hizo zilikuja na boriti ya kuzungushwa kwa mkono, tanga linajiviringisha kama mkeka. Tanga likitoka hapo lina makunyanzi, tumbo limejaa upepo, na boti inazidi kulala.

Sasa hivi mtindo ni kuleta kila kitu nyuma kwa kamba moja inayovuta mbele na nyuma kwa pamoja. Wauzaji wanaupenda sana huo. Mimi siupendi, hasa kwa safari ya namna hii. Kamba moja ndefu inapita kona nyingi, kila kona inakula nguvu, na mwisho tundu la nyuma linabaki limelegea. Afadhali kamba mbili kwa kila mkunjo, moja ya mbele na moja ya nyuma. Zinajaza sakafu kamba, kweli, lakini kila moja unaikaza mpaka uridhike. Kwenye kona weka kapi nzuri au pete laini za chuma. Na pale kamba ya nyuma inapoishia kwenye boriti pawe nyuma kidogo ya tundu, ili ivute chini na nyuma kwa wakati mmoja. Sentimita chache tu zinaharibu umbo lote la tanga.

Bado kuna tanga lenyewe kukataa kushuka. Upepo ukitoka nyuma, tanga linalalia kamba za mlingoti na vishikizo vyake vinakwama. Kamba nyembamba iliyofungwa kichwani mwa tanga, ya kulivutia chini, ni bei ya chakula cha mchana. Alama ya rangi kwenye henza, ya kukuonyesha uishie wapi gizani, ni bure kabisa.

Huku kwetu pwani tanga la jahazi halikunjwi hivyo. Upepo ukizidi, foromali inashushwa, linafungwa tanga dogo. Kwenye mashindano ya Lamu vijana wanatoka nje juu ya ubao upande wa joshi kuizuia mashua isipinduke. Huyu wa Golden Globe hana vijana wa ubao.

Na hii si hofu ya bure. Fastnet ya 1979 iliua washindani 15. Sydney Hobart ya Desemba 2024, usiku wa kwanza tu, wawili walikufa kwenye boti mbili tofauti: mmoja alipigwa na boriti, mwingine na demani ya tanga kuu. Sisemi kamba za mikunjo zingewaokoa. Nasema boriti na tanga kuu ndipo nguvu zote zinapokaa, na anayezisogelea usiku asiwe na sababu ya kukaa hapo muda mrefu.

Picha za maandalizi zikianza kutoka, angalia ukingo wa nyuma wa tanga kuu, uhesabu safu za matundu. Boti nyingi za matembezi hutoka kiwandani na mbili. Atakayeondoka Les Sables na mbili tu, Bahari ya Kusini atakuwa na kazi.