JINA KAPUNI, DAWA KAPUNI: SONGEA INACHEKA NINI?

Kila baada ya miezi kadhaa stori ni ileile. Staa wa Bongo Muvi, jina kapuni, kaonekana CTC kajifunika mtandio na miwani ya jua. Msanii wa Bongo Fleva, jina kapuni, kakonda, "kakanyaga miwaya". Ikifika Songea haimalizi nusu saa: kijiwe cha bodaboda Mfaranyaki wanayo, saluni za Majengo wanayo, na kila mmoja ana uhakika ni nani. Kisha inashuka ngazi. Kutoka kwa staa wa Dar inahamia kwa dada wa duka la nguo, kwa mwalimu fulani wa Bombambili, kwa mtangazaji wa hapahapa. Majina kapuni, lakini mji mzima unayajua.

Wanaocheka hivyo waitafute filamu moja ya maisha halisi, It's My Life, ya mwaka 2001. Inamfuata Zackie Achmat wa Afrika Kusini. Jamaa ana VVU, alijitangaza, na Desemba 1998 yeye na wenzake walianzisha Treatment Action Campaign kudai dawa. Yeye dawa angeweza kuzipata. Akagoma kumeza mpaka hospitali za serikali ziwape na masikini. Mwaka 2002 Nelson Mandela alimfuata nyumbani Cape Town kumwomba ameze. Bado akagoma. Alianza dozi 2003, serikali yake ilipolegea.

Huo haukuwa ugomvi wa kutafuta kiki. Mwaka 2000 dawa za mtu mmoja zilifika dola 10,000 kwa mwaka na zaidi. Kampuni 39 za dawa ziliishtaki serikali ya Afrika Kusini kwa sheria iliyofungua mlango wa dawa za bei nafuu. Aprili 2001, dunia ikiwapigia kelele, zikaifuta kesi. Miezi miwili kabla, kampuni ya Cipla ya India ilikuwa imetangaza dola 350 kwa mwaka. Jirani hapo Uganda, Dk. Peter Mugyenyi aliagiza dawa hizo za India na akapambana mpaka zikaruhusiwa kuingia.

Tanzania ilianza kugawa ARV bure 2004. Kabla ya hapo, kitaani mtu alikuwa akiugua, familia inauza shamba, na mwisho wake msiba. Leo dawa ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ipo Mjimwema, ipo Peramiho. Kwa wengi ni kidonge kimoja kwa siku, na hakilipiwi.

Sasa kinachomzuia mtu siyo bei tena. Ni midomo. Wapo wanaopanda basi mpaka Njombe, zaidi ya kilomita 200, kuchukua dawa ambayo ipo mtaa wa pili, ili wasikutane na jirani kwenye benchi. Nauli ikikosekana, dozi inakatika. Dozi ikikatika, virusi vinapanda na dawa inaweza kugoma kufanya kazi. Mtu anayemeza vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Kwa hiyo anayemkimbiza mgonjwa CTC kwa umbea anausaidia ugonjwa kusambaa. Hiyo ndiyo hesabu, na haina utani ndani yake.

Watatokea wajuaji: basi mastaa wajitangaze, wawe kama Achmat! Hapana. Achmat alijitangaza mwenyewe, hakuna aliyempiga picha kwa kificho mlangoni mwa kliniki. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya mtu na inakataza unyanyapaa. Afya ya staa siyo mali ya mashabiki, na ya dada wa dukani siyo mali ya mtaa.

Wa kubanwa ni wale maarufu, majina kapuni, ambao Desemba 1 wanaposti utepe mwekundu na maneno matamu, halafu Januari wanatoa vichekesho vya "mwembamba kama mtu wa dozi". Utepe wa siku moja hauwezi kufuta kejeli ya siku 364.

Na hasara yake ni kubwa kuliko aibu ya mtu mmoja. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wenye VVU nchi nzima walijiuliza kama kopo lijalo litakuwepo. Wakati kama huo anatakiwa mtu wa kusimama mbele ya mbunge na kusema, "Mheshimiwa, mimi natumia, bajeti ya dawa iko wapi?" Nani wa Songea atathubutu, wakati anajua kesho yake atakuwa stika ya WhatsApp? Mji unaomcheka kila anayeonekana utajikuta hauna wa kuusemea siku dawa zikikata.

Songea huwakumbuka kila mwaka mashujaa wa Majimaji walionyongwa Februari 27, 1906. Inajua kumheshimu aliyesimama. Basi ianze na kitu kidogo kuliko mnara: stori ya nani kaonekana CTC ikiingia kwenye simu, ifutwe. Anayeituma aulizwe hadharani, yeye alipima lini?