GARINI MKO WATATU

Mwezi huu naomba tuache kidogo habari za michango ya harusi na maneno ya mawifi, tuongelee kitu ambacho siku hizi kinaingia kwenye ndoa nyingi mapema kuliko hata mtoto wa kwanza. Gari. Simama pale Mfaranyaki jioni watu wanapotoka makazini, uhesabu IST, Passo, Vitz na Harrier zinazopita. Nyingi ni za watu wa rika letu: mwalimu na mumewe wa benki, nesi na mchumba wake mwenye duka la pembejeo, watu waliokopa SACCOS, wakauza mahindi ya msimu, wakachangishana mpaka gari likashuka bandarini Dar na kuendeshwa zaidi ya kilometa 900 kuja huku kwetu Songea.

Mkipanda humo mnadhani mko wawili. Mko watatu. Huyo wa tatu ni kompyuta, au niseme sawasawa, ni kompyuta nyingi zinazoongea zenyewe kwa zenyewe bila kuwashirikisha.

Wazee wetu walikuwa na Land Rover ya kabureta. Fundi alikuwa anafungua boneti, anategesha sikio, anasema "plagi hiyo", na kweli inakuwa plagi. Mwaka 1977 kampuni ya General Motors ya Marekani iliweka kompyuta ndogo ndani ya Oldsmobile Toronado kwa kazi moja tu, kupanga wakati wa plagi kutoa cheche. Kazi moja! Leo gari jipya lina kompyuta ndogo kwa makumi, na programu zake zote zikiandikwa mstari kwa mstari zinaweza kupita mistari milioni 100. Injini ina yake, giaboksi ina yake, breki, eabegi, hata vioo vya madirisha.

Maana yake kwa dereva ni hii. Zamani ukikanyaga mafuta ulikuwa unavuta waya unaokwenda moja kwa moja kwenye injini. Kwenye magari mengi ya sasa huo waya haupo. Ukikanyaga, unaomba. Kompyuta inapokea ombi lako, inaangalia mzigo, mlima, joto la injini na gia uliyopo, halafu inaamua ikupe kiasi gani. Ndiyo maana mwingine akitoka kwenye gari la zamani akaingia kwenye jipya analalamika kwamba "zito". Sio zito, linafikiri kwanza.

Breki nazo ni hivyo hivyo. Kama umewahi kushuka Lukumburu wakati wa mvua unajua ninachosema. Gari lenye ABS likihisi tairi linataka kujifunga, kompyuta inaachia na kukamata breki mara nyingi ndani ya sekunde moja, kasi ambayo mguu wa binadamu hauwezi. Utasikia pedali inatetemeka na kuguna chini ya mguu. Usiogope, wala usianze kupampu kama tulivyofundishwa na wajomba zetu. Kandamiza, shikilia, elekeza usukani unakotaka kwenda. Ukipampu unaivuruga kazi yake. Hili peke yake mkilikumbuka nyote wawili, bei ya gazeti hili imerudi.

Sasa njoo kwenye sura ya gari. Programu zimebadilisha hata dashibodi. Tesla Model S ilipotoka mwaka 2012 ilikuja na skrini ya inchi 17 katikati, na tangu hapo kila kampuni imekimbilia skrini. Kwa mtengenezaji ni raha: badala ya kuchonga vitufe hamsini anaweka kioo kimoja, akitaka kubadilisha kitu anabadilisha programu. Kwa sisi tunaoendesha kwenye ukungu wa barabara ya Njombe ni hadithi nyingine. Kioo kimeingia ukungu, mbele kuna lori la makaa ya mawe, wewe unatafuta alama ya kupuliza kioo kwenye menyu ya tatu! Mimi ni mtu wa vitufe na sioni aibu kusema. Nimefurahi kwamba Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa magari huko Ulaya, kuanzia mwaka 2026 wanayakata alama magari yaliyoficha vitu kama honi, indiketa na waipa ndani ya skrini.

Lakini gari la kwetu mara nyingi linatoka Japani likiwa limeshatumika, na hapo vituko ndipo vinapoanza. Unawasha gari, dada anaongea Kijapani. Kila siku, kila ukiwasha, kwa adabu zote. Kuna mabwana wamekaa naye miaka mitatu hawajui anasema nini. Mara nyingi anawaambia kwamba kadi ya ETC haijawekwa. Hiyo ni kadi ya kulipia barabara kuu za Japani! Yaani mnapita Bombambili kwenda sokoni kununua nyanya, yeye anawakumbusha ushuru wa barabara za Tokyo. Redio nayo inashika kuanzia 76 hadi 90, au 95 kwa yale mapya kidogo, kwa sababu ndiyo masafa ya FM ya kwao, wakati stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Hiyo ina dawa, fundi redio anaweka kifaa kidogo cha kuhamisha masafa.

Isiyo na dawa rahisi ni ile ya betri. Redio nyingi za Toyota zenye ramani zimewekewa kinga ya wizi. Fundi akichomoa betri, hata kwa dakika moja, skrini inajifunga na kudai namba ya siri, na wa kuijua alikuwa mwenye gari wa kwanza, mzee wa Osaka ambaye hamtamuona maishani. Pamoja na redio hapo unaweza kupoteza kamera ya nyuma. Basi kabla betri haijachomolewa mwambie fundi aunganishe umeme wa betri nyingine kwanza ili kumbukumbu isikatike. Na kama gari lenu huzima injini lenyewe mnaposimama na kuwaka mkiachia breki, betri yake ni ya aina maalumu iliyotengenezwa kwa kuwasha mara nyingi. Ukiweka ile ya kawaida kwa sababu ni nafuu, itakufa mapema, na mtaanza kulaumiana nani aliacha taa.

Kuna jambo lingine linatufikisha hapa bila kutuuliza. TRA wanatoza ushuru wa uchakavu kwa gari dogo lililotimiza miaka minane, na likipita kumi unazidi. Kwa hiyo anayepiga hesabu vizuri anaagiza gari jipya kidogo. Lakini gari jipya kidogo ndilo lenye kompyuta nyingi zaidi, na ndilo ambalo gereji ya chini ya mwembe haijalizoea. Unachookoa bandarini unaweza kukilipa kwa fundi.

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, siku hizi fundi anachomeka mashine chini ya usukani inasoma namba ya kosa. Vizuri. Ila sikilizeni: ile namba inaonyesha mahali pa kuanzia kutafuta, haisemi ununue nini. Mashine inaweza kulalamikia sensa ya hewa ya ekzosi kumbe bomba limetoboka na sensa ni nzima kabisa. Fundi anayesoma namba na kukutuma dukani hapo hapo anatumia pesa yako kujifunza. Na yule anayefuta kosa tu taa ikazima, akachukua hela yake, huyo kakufungia mgonjwa mdomo.

Wanaonunua gari mkononi mwa mtu hapa hapa mjini wafanye hivi. Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa zote za onyo zinatakiwa ziwake, ya injini, ya eabegi, ya ABS, halafu injini ikiwaka zizime. Ile ambayo haikuwaka kabisa ndiyo ya kuulizia, maana kuna waliochomoa au kuziba ili usijue. Usidanganyike na kilometa pia. Zile namba siku hizi ni programu, na kuna watu wanazirudisha nyuma kwa kompyuta ya mapajani. Angalia usukani ulivyolika, pedali, kiti cha dereva. Gari la kilometa elfu arobaini halina pedali iliyong'aa kama sufuria.

Na programu yenyewe huweza kuwa na kasoro, au nia mbaya. Mwaka 2014 Toyota waliita Prius milioni 1.9 duniani kote kwa sababu ya programu ya mfumo wake wa haibridi, na tiba ilikuwa kuwekewa programu mpya. Ukinunua Prius ya miaka ile muulize muuzaji kama ilifanyiwa. Mwaka 2015 nao Volkswagen walibambwa. Magari yao ya dizeli yapatayo milioni 11 yalikuwa na programu inayotambua kwamba yanapimwa moshi, yanajifanya wasafi, yakirudi barabarani yanarudia tabia. Wapo wanaume wa hivyo, mtasema. Na wanawake, nitawajibu.

Ngoja nifike pale ninapotaka hasa.

Huyo wa tatu garini anasikia na anakumbuka. Ukiunganisha simu yako kwa bluetooth, magari mengi yanavuta orodha ya majina na simu zilizopigwa, na simu ikiita jina linajiandika kwenye skrini kubwa mbele ya mwenzio. Nyumba ngapi zimewaka moto kwa jina "Fundi Bomba" lililopiga saa nne usiku! Hilo la kuchekesha. Lisilochekesha ni vile vifaa vya kufuatilia gari vinavyofungwa chini ya dashibodi, unaliona gari liko wapi kwenye simu, na vingine vinakuruhusu kulizima kwa kubonyeza tu.

Dada mmoja msomaji wetu alinisimulia. Gari lao wote wawili, mkopo wanakatwa wote wawili. Akawa anaulizwa jioni, "Mbona Msamala ulisimama dakika arobaini?" Alidhani kuna jirani mmbea. Miezi ikapita. Siku moja akiwa njiani kutoka Mbinga na mama yake mzazi nyuma, walikuwa wamekosana kwa simu na mumewe asubuhi, gari likazima kwenye mteremko. Usukani ukawa mzito kama jiwe, breki ikawa ngumu. Alilisimamisha kwa nguvu za Mungu na breki ya mkono. Nyumbani bwana akasema alitaka tu "kumrudisha waongee".

Jamani. Injini ikizima gari likiwa mwendoni, usukani unapoteza nguvu ya kusaidiwa, na breki inabaki na akiba ya kukanyaga mara chache tu. Kukata injini ya gari linalotembea ni kumweka mtu kwenye hatari ya kufa, uwe unampenda au humpendi. Kifaa kile kimetengenezwa kwa ajili ya mwizi, na hata kwa mwizi kinatakiwa kikate gari likiwa limesimama au linatambaa.

Nasikia mtu anasema, kwani mabasi hayafuatiliwi? Yanafuatiliwa, na mimi nashukuru. Basi la Songea kwenda Dar lina mfumo wa LATRA unaoonyesha liko wapi na linakwenda kasi gani, likizidisha linapiga kelele na abiria wote wanasikia. Dereva anajitambulisha kwa kugusisha kitufe chake kabla ya kuondoka, na tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023 mfumo huo umekuwa na kazi zaidi. Lakini dereva anajua kipo. Konda anajua, abiria anajua, na kinachoangaliwa ni mwendo wa basi, sio nani kampigia nani. Cha dada yetu kilifungwa usiku, na fundi akaambiwa anyamaze.

Kama mnataka kifaa kwa ajili ya wizi, kifungeni, wizi upo. Ila mwende wote kwa fundi, programu iwe kwenye simu zote mbili, na uwezo wa kuzima injini kwa mbali muuondoe au mkubaliane mbele ya fundi kwamba haufanyi kazi gari likiwa mwendoni. Muulizeni pia mwenye kampuni anayetunza safari zenu kwenye kompyuta zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika tangu Mei 1, 2023, na wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa wawe wamesajiliwa na Tume. Akianza kujikuna kichwa, nendeni kwa mwingine. Siku mkiuza gari, futeni majina ya simu na mahali palipoandikwa "nyumbani" kwenye ramani, maana mnunuzi hakununua hivyo.

La mwisho ni dogo lakini limewalaza watu njiani. Gari la kuwasha kwa kitufe lina ufunguo wenye betri ndogo kama ya saa. Ikiisha, gari halimtambui mtu. Ndani ya ule ufunguo kuna ufunguo wa chuma umefichwa, unachomolewa kwa kubonyeza kikufuli pembeni, unafungua nao mlango. Halafu ukanyage breki, ugusishe ile rimoti kwenye kitufe cha kuwashia, kwa Toyota nyingi upande wenye nembo, na ubonyeze kitufe. Jaribuni leo jioni, mmoja baada ya mwingine. Na mwulizane rimoti ya pili iko kwa nani.