SHAHADA IPIMWE ZAHANATINI

Vyuo vikuu vyetu, Muhimbili na Dodoma miongoni mwavyo, vinafundisha shahada ya uuguzi kwa miaka 4. Jambo hili ni jema, wala sisi hatumo katika kundi la wale wanaodai kwamba kuuguza hakuhitaji chuo kikuu. Amwangaliaye mzazi usiku wa manane anashika roho mbili mkononi, na roho za watu hazistahili elimu pungufu.

Lakini shahada hii hupimwaje? Tume ya Vyuo Vikuu hukagua mitaala na walimu. Baraza la Uuguzi na Ukunga humsajili mhitimu. Vipimo hivyo ni vya lazima. Hata hivyo, twaona kuwa kipo kipimo cha tatu, nacho hakipatikani Dar es Salaam. Kipo Mpanda.

Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Ile ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Katika miaka 10 tu watu wamezidi maradufu. Tena, uchunguzi wa afya wa taifa wa 2015-16 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa waja wazito. Katika zahanati za huko muuguzi ndiye mkunga, ndiye mshauri, na mara nyingi ndiye aamuaye kama mzazi apelekwe hospitali au la. Je, aliyejifunza daima penye daktari bingwa chumba cha pili atafanya nini Mwese au Mishamo, masika yakiwa yameharibu njia?

Kwa hiyo twasema mambo matatu. Kwanza, sehemu ya mafunzo ya vitendo ifanyike katika mikoa kama Katavi, mwalimu akiwapo. Pili, shahada inapotathminiwa, wasikilizwe wakunga wa zahanati na akina mama waliohudumiwa, si wakuu wa vyuo peke yao. Tatu, muuguzi mwenye cheti au stashahada anayetumika pembezoni asaidiwe kusomea shahada bila kupoteza kazi yake, kwani huyo amekwisha kuonyesha kuwa anaweza kukaa.

Wajibu huu si wa vyuo tu. Halmashauri isiyompa muuguzi nyumba wala maji isishangae akiomba uhamisho. Kumwita mtu mzalendo na kumlaza penye paa linalovuja si haki.

Katavi yenyewe inao mfano. Adrien Atiman alitekwa utumwani utotoni huko Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa utabibu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akawatibu watu mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 1956. Elimu yake aliipata ng'ambo, lakini thamani yake iliwadhihirikia watu wa Karema.

Hatuwatakii vijana wetu upweke wa Atiman, maana taifa huru lina uwezo wa kuwapa wenzao, dawa na makazi. Twawatakia jambo moja alilokuwa nalo: elimu iliyofika kwa mgonjwa na kubaki naye. Shahada itakayoweza hayo, na ipewe heshima zote.