Maji ya Mto ni ya Nani?

Mto Kuja, ambao huko juu kwa Wakisii huitwa Gucha, huteremka vilimani, hukutana na Mto Migori, kisha hupita Nyatike na kuingia Ziwa Victoria. Basi mtu wa Nyatike hunywa na kumwagilia shamba lake kwa yale aliyoyabakiza mwenzake wa juu. Ndiyo sababu ugomvi wa maji hauishi.

Sheria ya Maji ya mwaka 2016 yasema kwamba maji yote ni amana mikononi mwa Serikali ya Taifa kwa niaba ya wananchi. Atakaye kuyachepusha kwa mfereji au kuyavuta kwa pampu ili amwagilie, yampasa kuomba kibali kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mama anayechota kwa ndoo apikie watoto wake hahitaji karatasi yo yote.

Wako wanaonung'unika kwamba mto uliumbwa na Mungu, na Serikali imeukuta. Neno hilo lina nguvu yake. Wamarakwet wa bonde la Kerio wana mifereji iliyochimbwa na mababu zao kabla ya kuja Wazungu, na koo zao hugawana maji kwa zamu. Lakini zamu huwafunga wale tu wanaoitambua. Mgeni mwenye pampu kubwa na kibali mkononi, mzee wa ukoo atamkemea kwa lipi?

Hapo ndipo penye hatari, ndugu msomaji. Sheria yaagiza kwamba kabla ya kutoa kibali kipya, matumizi halali yaliyopo yaangaliwe. Je, yule aliyemwagilia miaka mingi kwa mapatano na jirani tu, ataonekana katika daftari gani?

Katika miradi mikubwa, kama Kimira-Oluch ya Homa Bay yenye hekta 1,474, au Kuja ya Chini palimwapo mpunga, mifereji ni ya Serikali, na Sheria ya Umwagiliaji ya 2019 yatambua vyama vya watumiaji maji. Wasiwasi wangu ni juu ya wenye vibustani vya sukuma na nyanya kandokando ya vijito. Hao afisa wa maji awaendee huko huko, kwa maana nauli ya kufuatia karatasi yaweza kuzidi bei ya nyanya zenyewe. Nao wasikae bure: waunde chama, waandike zamu zao, majina ya wenye mashamba na mahali mfereji uanziapo, na chifu apewe nakala kabla ya kiangazi.