Tumbawe Lililopauka Halijafa

Wanaofuga matumbawe kwenye matangi ya kioo majumbani wanajua jambo ambalo mijadala yetu kuhusu bahari hulisahau mara nyingi: tumbawe lililopauka si maiti. Tumbawe ni mkusanyiko wa wanyama wadogo waitwao polipu, na ndani ya nyama yao huishi vijimea vinavyotumia mwanga wa jua kutengeneza sehemu kubwa ya chakula chao. Maji yakizidi joto, vijimea hivyo hutoka, nyama ikabaki angavu na mfupa mweupe ukaonekana chini yake. Mnyama yu hai, ila ana njaa, na njaa ikidumu ndipo hufa. Kwa hiyo namna tumbawe lililotelekezwa linavyouguzwa tangini inatuonyesha pa kuanzia pwani kwetu: tuondoe kwanza kinachoua, kupanda matumbawe kufuate.

Mfugaji mzoefu akipokea tumbawe lililodhoofika haanzi kwa dawa wala taa kali. Huliweka penye mwanga hafifu, maana mwanga mkali huzidi kulidhuru. Huhakikisha maji yana joto la nyuzi 25 hivi za Selsiasi na kalsiamu ya miligramu 400 hadi 450 kwa lita, na zaidi ya yote kwamba vipimo hivyo havipandi na kushuka ovyo. Mwani ulioota juu ya mfupa mtupu husuguliwa kwa mswaki laini, tawi lililokufa hukatwa, na kipande chenye uhai hugundishwa kwenye jiwe. Usiku, polipu zikinyoosha minyiri yake, hulishwa vikamba vidogo sana. Mambo yakienda vizuri, baada ya majuma kadhaa ukingo wa nyama huanza kutambaa tena juu ya mfupa. Lakini kipande hicho hicho kikirudishwa kwenye maji yaliyokidhoofisha, kazi yote hupotea.

Yaliyotokea Florida, Marekani, mwaka 2023 yanathibitisha hilo kwa kiwango kikubwa. Joto la bahari lilipopanda kupita kiasi, wataalamu walihamisha maelfu ya vipande kutoka kwenye vitalu vya baharini hadi matangi ya nchi kavu. Matangi yaliokoa mbegu, lakini hayakuweza kuupoza mwamba wa matumbawe uliobaki baharini. Huku kwetu, wavuvi wa Kuruwitu, Kilifi, walianza upande wa pili: walitenga sehemu ya bahari yao isivuliwe, samaki wakaongezeka, na mwaka 2017 juhudi hizo zikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Samaki kama pono na kangaja wakiwapo kwa wingi, hula mwani ambao ungeyanyima matumbawe machanga nafasi. Kazi ambayo mfugaji huifanya kwa mswaki, baharini hufanywa na samaki hao bila malipo.

Wapo watakaosema kuwa joto la dunia halizuiliki kwa kufunga kipande cha bahari, na kweli halizuiliki. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya pwani ya Afrika Mashariki yalikufa kwa joto, yakiwemo yaliyokuwa ndani ya hifadhi. Lakini mgonjwa anayepambana na homa hahitaji pia kupigwa. Mwamba uliovunjwa kwa baruti, ukaburutiwa juya na kumwagiwa majitaka, huingia kwenye joto ukiwa hoi, na ukitoka hauna samaki wa kuusafisha. Wengine watauliza mvuvi atakula nini eneo likifungwa. Swali hilo ni la haki, na ndiyo sababu mvuvi mwenyewe achague eneo, asimamie ulinzi wake, na alipwe sehemu ya mapato ya watalii. Wengine watasema ufugaji wa tangini wenyewe huupora mwamba. Ni kweli pale vipande vinapong'olewa baharini, na biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Mfugaji mwadilifu hununua vipande vilivyokuzwa tangini.

Serikali na wafadhili hupenda kuhesabu vipande vilivyopandwa, kwa kuwa hupigwa picha kirahisi. Waulizwe kwanza: je, baruti imekoma hapo, majitaka yamezuiwa, na pono wamerudi? Jibu likiwa hapana, fedha hizo ziende kwenye doria, mitaro ya majitaka na vikundi vya wavuvi, kabla ya kununua hata kipande kimoja cha kupanda.