Shikamoo Haijibiwi na Kishikwambi

Kati ya 2017 na 2019, katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto wa vijiji vya Tanga walipewa vishikwambi wajifunze kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Jambo jema. Lakini mazungumzo si herufi. Programu itamfundisha mtoto neno “shikamoo”. Haitamwonyesha lini anyamaze, wala namna ya kumuuliza mkubwa hali bila kumkatiza. Sisi tuliokulia Doha tunalijua pengo hilo: bibi akipiga simu, salamu zikiisha tunakwama. Wanachama wenzetu, msiwanyang'anye wadogo zenu vishikwambi. Kaeni nao, programu ikiuliza wawajibu ninyi. Kisha mpigieni bibi: mtoto aamkie mwenyewe, asubiri “marahaba”, halafu aendelee.